Bahari Inapokimbia: Kwa Familia ya Dodoma Inayokwenda Unguja Mara ya Kwanza

“Tunaishi Dodoma, mtaa wa Kisasa. Niko mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 13, 8 na 4, pamoja na mama mkwe wangu wa miaka 67 kutoka Kongwa, ambaye ana presha. Tumeweka akiba miaka miwili ili Desemba hii shule zikifungwa tuwapeleke watoto Zanzibar kwa siku tano. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea, na ni mimi tu niliyewahi kuiona bahari, pale Coco Beach. Sasa mfanyakazi mwenzangu ananikatisha tamaa. Mwaka jana walikwenda pwani ya mashariki, anasema waliamka asubuhi wakakuta bahari imekimbia, limebaki tope na majani, watoto wakalia. Anasema tusiende popote ila Nungwi. Mwingine anasema Nungwi ni ghali, ni ya Wazungu. Mama mkwe naye anakumbuka meli zilizozama, hataki kusikia habari za boti. Na nimesikia kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mtu. Kwa watu sita hiyo pesa sina. Tufanye nini? Tuahirishe?”

Dada yangu, msiahirishe. Kuweka akiba miaka miwili si mchezo, na katika hofu zote ulizotaja sioni hata moja isiyo na dawa. Ila kabla hujalipia chumba popote, nataka ujue jambo ambalo watu wa pwani hulijua tangu utotoni na sisi wa bara hatuambiwi na mtu: bahari ya Unguja ina ratiba, na anayeipanga ni mwezi. Ukiisoma ratiba hiyo kabla ya kuchagua tarehe na kijiji, safari itakwenda vizuri kwa pesa ile ile mliyonayo. Usipoisoma, unaweza kulipa mara mbili na bado ukaamkia tope.

Nayasema haya nikiwa mtoto wa Mpwapwa. Nilivuka kwenda Unguja nikiwa na miaka 23 kutafuta kazi ya kuongoza wageni, nikakaa huko miaka kumi na sita. Asubuhi yangu ya kwanza Jambiani nilitoka nje nikaona mchanga mtupu mpaka mbali, mashua zimelala ubavu, na kina mama wanatembea mahali ambapo jana yake jioni maji yalinifika kifuani. Nilishtuka, nikamuuliza mzee mmoja kama kuna balaa gani. Akanijibu, “Bamvua hiyo, mwanangu. Kwani leo mwezi ngapi?” Sikumwelewa. Leo ninaishi hapa Dodoma, ninazipangia familia safari, na swali ninaloanza nalo ni hilo hilo la yule mzee.

Bima niiondoe njiani kwanza, maana inakunyima usingizi bure. Bima ya dola 44 ilianza Oktoba 2024 na inawahusu wageni wa nchi za nje wanaoingia Zanzibar. Ninyi haiwahusu. Mnachohitaji bandarini ni vitambulisho: cha NIDA au kingine cha serikali kwa watu wazima, na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kwa sababu tiketi za watoto hukatwa kwa umri. Beba na nakala. Kama mna bima ya afya, piga simu kabla ya kuondoka uulize kama inapokelewa upande wa Zanzibar na katika hospitali gani. Usidhani tu kwamba itapokelewa.

Sasa bahari yenyewe. Mfanyakazi mwenzako hakudanganya. Alichokiona kipo, na watoto wake walilia kweli. Lakini aliondoka akidhani kwamba ule upande wa kisiwa ni mbovu, wakati ubovu ulikuwa katika kutojua saa. Chukua sinia na ndoo, vyote vijaze maji, kisha chota maji kina cha vidole viwili kila kimoja. Kwenye ndoo huoni tofauti kubwa. Kwenye sinia kitako kinabaki wazi. Pwani ya mashariki, yaani Kiwengwa, Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, ni sinia. Mbele yake kuna mwamba mrefu unaokata mawimbi, na kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda mpana ulioinama kidogo sana, kwa hiyo maji yakishuka bahari inarudi nyuma mamia ya mita, pengine kilometa nzima. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi ni ndoo. Ufukwe unateremka upesi, maji yanashuka yale yale, lakini hatua chache tu bado unayakuta. Ndiyo maana watu husema “Nungwi bahari haiondoki”. Inaondoka, ila haina pa kwenda mbali.

Kinachoyavuta maji ni mwezi, na jua likisaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zao zinajumlishana, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Unguja siku hizo tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne, ambayo ni zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba yako. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi wanavuta pande tofauti, maji hayajai sana wala hayapwi sana, tofauti inashuka mpaka kama mita moja. Hayo huitwa maji mafu. Kila mwezi mwandamo mmoja una bamvua mbili na maji mafu mawili, na maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana.

Kwa hiyo yule mzee aliponiuliza “leo mwezi ngapi” alikuwa anauliza tarehe ya Kiislamu. Huhitaji chombo chochote, kalenda ya ukutani yenye tarehe hizo inatosha. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na hasa siku moja au mbili baadaye, ni bamvua. Karibu na mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili au tatu, ni maji mafu. Na Unguja ina tabia moja nzuri ya kukumbuka: siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yanajaa karibu na saa nne asubuhi. Mwenzako bila shaka alifika siku za bamvua, akawaamsha watoto wavae nguo za kuogelea mara baada ya chai, wakatoka saa nne. Hapo ndipo sinia lilipokuwa tupu kabisa. Kama angewaambia wasubiri mpaka saa nane mchana, wangeogelea hadi magharibi.

Kwa familia yenu, ambayo hakuna anayejua kuogelea, nitakwambia ninavyoona mimi ingawa wengi watanipinga. Sinia ni bora kuliko ndoo. Kendwa ni pazuri sana, maji yake yanavutia, lakini mtoto wa miaka 8 akipiga hatua chache mbele ghafla hagusi chini. Mashariki, maji yakiwa nusu, mtoto anaweza kutembea mita hamsini na bado yako kiunoni, na mawimbi yamekatwa huko mbali kwenye mwamba. Zaidi ya hayo, nyumba za wageni za wanakijiji Jambiani na Bwejuu huwa na bei ya kuvumilika kuliko hoteli za Nungwi na Kendwa. Tarehe zenu zikiangukia maji mafu, chagueni mashariki bila kusita, maana maji yatakuwapo karibu mchana kutwa. Zikiangukia bamvua mna njia mbili. Mwende kaskazini mlipe zaidi, au mwende mashariki mkijua kwamba asubuhi ni ya kutembea na alasiri ni ya kuogelea. Mimi ningechagua hii ya pili.

Maana bahari ikikimbia, Dada, ndipo inapofungua kabati lake. Yale “majani” aliyoyachukia mwenzako mengine ni mwani unaolimwa. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani hiyo ya mashariki mwaka 1989, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Bamvua ndiyo siku yao ya kazi, kwa sababu ndipo mashamba yanapofikika kwa miguu. Utawaona wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizofungwa vijitini, wengine na fimbo wanatafuta pweza kwenye mashimo. Wasalimie kwanza, shikamoo kwa aliyekuzidi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na watoto wasikanyage kamba. Mama mkwe wako aliyelima mtama na karanga Kongwa atakuwa na mengi ya kuzungumza na hao kina mama kuliko ninyi nyote. Nimeona hivyo mara nyingi: kina bibi wa bara ndio wanaokaa na wakulima wa mwani mpaka maji yanarudi.

Kutembea huko kuna masharti. Kila mguu uwe na kiatu, yeboyebo za plastiki zinatosha, kwa sababu kwenye mawe na majani kuna viumbe vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu kama ya nungunungu, na mwiba wake ukiingia huvunjikia ndani. Mtu akichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, toa kwa kibano kile kinachoonekana, usichimbue. Mwiba ulioingia kwenye kiungo au uliovimba siku ya pili ni wa kupelekwa kituo cha afya. Watoto pia wasiokote makombe yenye mdudu ndani, hasa yale yenye umbo la koni, kwa kuwa baadhi ya konokono hao wana sumu kali.

Lakini la kuogopa kweli ni maji yanaporudi. Ninyi watu wa Dodoma mnalijua korongo. Mbingu nyeupe, mchanga mkavu, mtu anavuka polepole, kumbe mvua imenyesha huko juu na maji yako njiani. Bahari ya bamvua ni korongo lenye saa. Katika zile saa sita za kujaa, saa ya kwanza maji hupanda taratibu mtu asigundue, lakini saa ya tatu na ya nne hupanda kama mita moja kwa saa. Yaliyomfika mtoto gotini, baada ya dakika arobaini yako kifuani. Tena hayaji usoni tu. Huzunguka nyuma na kujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufukwe, ukabaki umesimama kwenye fungu la mchanga kama kisiwa. Nimemshuhudia baba mmoja aliyewapeleka wanawe wawili kwenye fungu kupiga picha. Alipogeuka nyuma, mfereji aliouvuka kwa miguu mitupu ulikuwa umemfika kifuani. Mama mmoja wa mwani ndiye aliyewapigia kelele na kuwaonyesha pa kupita, akambeba mdogo mabegani. Walifika salama, ila yule baba hakuingia tena majini safari ile.

Kwa hiyo shika hili: nendeni nje maji yakiwa bado yanashuka, na saa ya kupwa kabisa ikifika, mgeuke kurudi. Msisubiri muone maji yanakuja. Kila asubuhi muulize mtu wa kijijini, siyo simu peke yake, “Leo maji yanapwa saa ngapi?”

Na wakati wa kuoga baharini, mtoto wa miaka 4 awe umbali wa kushikika kwa mkono wa mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine. Mkisema “sote tunamwangalia” hakuna anayemwangalia. Wengine wote msipite kina cha kiuno chenu wenyewe. Maboya ya upepo ya kuchezea acheni dukani, kwani upepo ukishirikiana na maji yanayopwa huwasukuma nje mbali. Maji yanapopwa hayatoki kila mahali sawasawa, hukusanyika na kutokea kwenye milango ya mwamba, pale pale mashua zinapopita, na mkondo wake una nguvu. Kaeni mbali na milango hiyo. Ikitokea mtu amevutwa, asipigane na maji kurudi moja kwa moja. Alale chali aelee, ainue mkono, apige kelele.

Tuje kwa mama mkwe na boti. Hofu yake ina msingi, msimcheke. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Watu wengi walipotea, na mama wa umri wake hawezi kusahau habari zile kwenye redio. Mweleze mambo mawili. La kwanza, Julai ni katikati ya Kusi, upepo unaovuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Septemba na kuichafua bahari ya Dar na Unguja. Desemba ni mwanzo wa Kaskazi, na mara nyingi njia hiyo huwa tulivu zaidi. La pili, panda boti kubwa za mwendo kasi zinazokata tiketi kwa jina na kitambulisho, na mkifika mkaona watu wamebanwa kupita viti, mna haki ya kutopanda. Mkikaa ndani, onyesheni watoto yalipo majaketi okozi kabla boti haijaondoka. Safari ni kama saa mbili. Akikataa kabisa, msimlazimishe. Ndege kutoka Dar hadi Unguja ni kama dakika ishirini tu. Mkatieni yeye na mtoto wake, yaani shemeji yangu, tiketi ya ndege, na wewe uvuke na watoto, ikiwa mfuko unaruhusu.

Kutapika nako kuna sababu yake. Sikio la ndani linahisi mwili unayumba, macho yanaona kiti kimetulia, ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, tumbo linachafuka. Kwa hiyo mpe ubongo habari moja: kaeni sehemu ya chini, katikati ya boti au nyuma kidogo ya katikati, mtazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, simu ziwekwe mfukoni. Tumbo lisiwe tupu wala lisiwe na chipsi mayai. Kipande cha mkate na tangawizi kidogo hutosha. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo famasi, lakini hunywewa kabla ya safari, siyo tumbo likishachafuka, na dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Kwa mama mkwe mwulize daktari wake kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizo haziendi na dawa nyingine wala na matatizo ya macho.

Huku kwetu njia imerahisika. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, Dar ni mwendo wa kama saa tatu na nusu hadi nne, na watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Pandeni treni ya kwanza ya asubuhi. Kutoka stesheni hadi bandarini ni karibu, bajaji itawafikisha. Kateni tiketi za boti ya mchana, siyo ile ya mwisho ya alasiri, ili treni ikichelewa msilale Dar bila kupanga.

Kuhusu afya ya mama, joto la Unguja halipishani sana na la Dodoma kwa ukali, lakini ni la namna nyingine, na hapo wazee wetu huteleza. Hapa hewa ni kavu, jasho likitoka linakauka, na likikauka linaondoka na joto. Unguja hewa imejaa maji tayari, jasho linakaa juu ya ngozi, mwili unazidi kutoa bila kupoa. Baadhi ya dawa za presha nazo hutoa maji mwilini. Mtu wa namna hiyo akitembezwa saa saba mchana anaweza kuanguka. Wiki mbili kabla ya safari mpelekeni kliniki yake apimwe, mwulize daktari kuhusu joto, maji na safari. Asiache dawa hata siku moja, na dawa zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, siyo kwenye begi linalopakiwa. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi, na zipo dawa za presha ambazo hazitaki potasiamu izidi, kwa hiyo hilo nalo muulize. Kutoka saa tano hadi saa tisa mchana akae kivulini palipo na upepo. Ninyi wengine mfanye hivyo pia, na watoto waoge na fulana mwilini. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa mabegani.

Katika siku tano, mbili kaeni Mjini na tatu ufukweni. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, watu wa bara huupita haraka kama kituo cha basi, na mimi huumia nikiona hivyo. Wapelekeni watoto Mkunazini. Kanisa la Anglikana pale limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Uani kuna sanamu za watu waliosimama shimoni, minyororo shingoni. Yule wa miaka 13 amesoma darasani habari za misafara, lakini huenda hakuna aliyemwambia kwamba njia kuu ya misafara hiyo, kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo, ilikatisha Ugogo, nchi hii hii anayoamkia kila siku, na kwamba Wagogo waliwatoza wenye misafara hongo ili wapite na wapate maji. Huenda baadhi ya watu waliosimamishwa sokoni pale walikunywa maji ya visima vya kwetu. Mkae dakika kumi kimya. Mdogo wa miaka 4 hataelewa, abaki nje na baba yake. Siku yake itakuja Changuu, kisiwa cha nusu saa kwa boti, kwenye kobe wakubwa waliotoka Shelisheli, baadhi yao wana zaidi ya miaka mia moja. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, na hakuna kupanda bila jaketi okozi linalomfaa mtoto, siyo la mtu mzima aliloviringishiwa. Mkielekea mashariki mpite msitu wa Jozani muone kima punju, ambaye kwao ni Unguja tu.

Jioni Forodhani mtakula urojo na mishkaki. Ulizeni bei kabla ya kuchukua, na chagueni kinachotoka motoni mbele yenu. Kwa kuwa watoto wenu wamezoea sato na perege wa Mtera, pweza, kamba na kaa waonje kidogo sana mara ya kwanza, mmoja baada ya mwingine. Midomo ikivimba, vipele vikitoka mwili mzima au pumzi ikibana, ni hospitali papo hapo. Mjini ni Mnazi Mmoja. Kusini mashariki kuna hospitali ya Makunduchi, na kaskazini kuna Kivunge. Mtu aliyemeza maji mengi akazama hata kwa dakika moja, naye apelekwe, hata akisema yuko sawa, kwa kuwa pumzi inaweza kubana saa kadhaa baadaye. Hali ya hatari kama hizi usiniandikie, nenda.

Mavazi hayana ugumu: nguo za kuogea zibaki ufukweni, vijijini na Mjini mabega na magoti yafunikwe, na kanga mbili za akiba zitakufaa kwa kila kitu.

Lililobaki ni tarehe na pesa. Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya bei za vyumba hupanda sana kisiwa kizima. Nendeni mara tu shule zikifungwa, mrudi kabla ya tarehe 20. Vuli inaweza kuwanyeshea siku moja au mbili, mvumilie. Ukipiga simu kuulizia chumba, omba bei ya Mtanzania kwa shilingi, uliza kama watoto wanaweza kulala na wazazi, na uliza swali ambalo litawaonyesha kwamba hubahatishi: “Tarehe hizo maji yanajaa saa ngapi hapo kwenu?” Mwenyeji wa kweli atakujibu bila kusita. Anayejibu “bahari ipo tu, mama” mwache, piga kwingine.

Na wiki hii, kabla hata ya kulipa chochote, mpeleke huyo wa miaka 13 na yule wa 8 kwenye bwawa la kuogelea hapa Dodoma, kwa mwalimu, siyo kwa rafiki. Kwa masomo machache hawatakuwa waogeleaji, lakini watajua kuelea chali na kutulia maji yakiingia puani. Niandikie tarehe mlizopata likizo, nikuhesabie mwezi. Mama mkwe mfikishie shikamoo yangu.